Kata popote, lakini si bahari

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Nakala za ramani za kale za Ulaya, zenye makosa tele kuhusu dola za zamani, je, zinafaa kutundikwa majumbani na hotelini kwetu?" Jibu lililonijia mara tu niliposoma ni hapana, ziteremshwe. Nimekulia kwenye duka la fremu la mjomba wangu hapa Mombasa. Ramani hizo nimezikunjua, nimezifutia vioo, nimezigongea misumari, na swali lenu limenigusa mahali.

Nyingi zinazouzwa asili yake ni kazi ya Abraham Ortelius wa Antwerp, aliyechapisha kitabu chake cha ramani mwaka 1570. Kuanzia 1579 alikiongezea ramani za ulimwengu wa kale: Dola ya Roma, Misri ya zamani, na mwaka 1595 safari za vita za Iskandari wa Makedonia. Dola hizo zilikuwa zimekwisha zamani sana alipozichora, naye alizijua kwa kuzisoma kwenye vitabu vya Kigiriki na Kilatini. Sina ugomvi nazo. Mwenye kupenda Roma sebuleni kwake aitundike Roma.

Inayoniudhi ni moja, nayo mmeiona, maana inapendwa sana na mahoteli: ile ya mwaka 1573 inayoonyesha dola ya Kasisi Yohana. Huyu ni mfalme Mkristo ambaye Ulaya ilihangaika kumtafuta tangu karne ya 12, ilipozagaa barua yenye jina lake. Kwanza walidhani yuko Asia, wasipomwona wakamhamishia Uhabeshi. Ortelius amempa nchi inayoanzia mipaka ya Misri na kuteremka hadi karibu na Msumbiji, na kwenye kona ya juu kushoto amemwandikia nasaba inayofika kwa Nabii Daudi. Huku chini kuna maziwa mawili makubwa, Zaire na Zaflan, na humo ndimo Nili inamoanzia. Sasa tazameni Uhabeshi wenyewe ulikuwaje. Vita vya Imamu Ahmad bin Ibrahim wa Adal, dola ya Kiislamu iliyopakana nao, kuanzia 1529 hadi alipouawa 1543, nusura viufute kabisa. Mwaka 1541 Cristóvão da Gama, mtoto wa Vasco, alikwenda kuuokoa na askari wa Kireno wapatao 400, naye akauawa mwaka uliofuata. Miaka 30 baadaye ramani inatuonyesha mfalme anayemiliki karibu nusu ya Afrika, sisi wa pwani tukiwa ukingoni mwa milki yake.

Nilikuwa kidato cha pili, nikishinda dukani baada ya masomo. Kazi zetu za kila siku zilikuwa Ayatul Kursi, picha za harusi, vyeti, na picha ya Rais kwa wenye maofisi. Alasiri moja mwenye hoteli ya ufukweni akatuletea bomba la kadibodi lenye nakala kadhaa, na fremu alizokwisha kuzinunua kwingine. Tukaitandaza ya Kasisi Yohana mezani na kuikandamiza pembe kwa vipande vya kioo, maana kila tukiiachia ilijikunja. Karatasi ilitiwa rangi kama ya chai ili ionekane kuukuu. Mjomba akanipa lenzi yake, akaniambia, "Angalia hapo penye rangi ya kijani." Nikaona vitone vidogovidogo, kama vya picha ya gazetini. Akanieleza kwamba ramani yenyewe ya asili ilichapwa kwa bamba la shaba: mistari yake ni mizima haina vitone, bamba huacha alama ya kubonyea pande zote za mchoro, na za Ortelius mara nyingi huwa na maandishi nyuma kwa kuwa zilikuwa kurasa za kitabu. Tukaigeuza. Nyuma ilikuwa nyeupe pe.

Tukiwa katika hali hiyo akaingia mzee mmoja, nahodha mstaafu, mtu wa Lamu, aliyefuata Ayatul Kursi yake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila ya kunitazama. Macho yalikuwa mezani. Akatoa miwani mfukoni. "Si pwani yetu hii?" Akaanza kuisoma kuteremka, kidole kikienda juu ya karatasi bila kuigusa. Melinde. Mombaza. Quiloa. Kila jina alilitamka vile lilivyoandikwa, kisha vile tunavyolisema sisi, na hapo husimama akatueleza: Malindi ukiiendea kwa kusi unaingiaje, Mombasa mawimbi yanavunjikia wapi kabla hujaushika mlango, Kilwa unatia nanga upande gani na kwa nini. Kwa Kilwa alikaa sana. Alitutajia msikiti mkuu unavyoonekana kutoka majini na Gereza, ile ngome ya zamani, linavyokupokea, na jinsi mkondo unavyovuta maji yanapokupwa. Wateja wawili waliingia wakasubiri, mjomba hakuwahudumia, nao hawakunung'unika; walikuwa wanasikiliza.

Halafu mzee akauhamisha mkono bara, penye yale maziwa na milima. Akatazama kitambo. "Na huku nani aliwaambia?"

"Huko walibahatisha, mzee," mjomba akasema.

"Naona. Huku pwani hawakubahatisha. Huku waliuliza watu."

Fremu iliyoletwa ilikuwa nyembamba kuliko ramani, kiasi cha vidole vitatu. Mjomba akampigia simu mwenye hoteli, akamwambia tunaweza kumtengenezea nyingine kwa bei ya mbao tu. Jibu tulilisikia sote, simu ilikuwa na sauti kubwa: kateni upande wa kulia, hapo ni bahari tu.

Mzee akavua miwani. "Bahari tu! Mwulize, akishaiondoa bahari, hizo bandari atazifikia kwa njia gani?" Mjomba alirudi kumsihi yule bwana, kwa adabu kabisa, bwana akasema ana haraka na mali ni yake. Mzee akalipa, akachukua Ayatul Kursi yake na kwenda zake kabla mjomba hajatoa kisu. Rula niliishika mimi. Miaka kadhaa baadaye niliikuta ramani ile kwenye ukumbi wa mapokezi, ukingo wa bara umebanana na mbao, na chini yake kibandiko kinachosema ni ramani ya kale ya Afrika, basi.

Nilipoanza kuandika nilitaka kuwaambia ziteremshwe kwa ajili ya makosa. Kadiri ninavyomkumbuka yule mzee, hoja hiyo inanipungukia nguvu. Kwenye karatasi ileile kuna uongo wa kasisi asiyekuwepo, na kuna ukweli uliotoka vinywani mwa watu wetu. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipewa rubani pale Malindi ndipo akaivuka bahari hadi Calicut, Bara Hindi. Majina ya bandari zetu yaliingia Ulaya kwa safari kama hizo. Tazameni pia ukurasa wa mwaka 1572 katika kitabu cha miji ya dunia cha Georg Braun na Frans Hogenberg, kilichochapwa Cologne: Aden iko juu, na chini yake Mombasa, Kilwa na Sofala. Kilwa na Mombasa zilikuwa zimeporwa na Wareno tangu 1505, lakini humo zimewekwa pamoja na miji mikubwa ya dunia. Na ipo ramani ya Ortelius ya 1597 ya Bahari ya Erithrea, jina la kale la bahari yetu hii pamoja na ya Shamu, iliyotungwa kutokana na maandishi ya kale kama yale ya mabaharia yanayoitaja bandari ya Rhapta huku kwetu. Vitu hivi nitawezaje kusema vifichwe?

Kwa hiyo nasema zitundikwe, hata ile ya Kasisi Yohana, ingawa bado inaniudhi. Ila zitundikwe nzima, na bahari yake. Kibandiko kiandikwe kwa Kiswahili, kimtaje aliyechora na mwaka, na kieleze wazi kwamba dola ile haikuwahi kuwa hivyo. Darasani sitaki kuiona peke yake. Iwekwe ubavuni mwa ramani ya leo, mtoto azilinganishe. Ramani za wakoloni wa baada ya mkutano wa Berlin nisihesabiwe kuwa nimezisemea hapa, zile zina mambo mengine. Na wenye maduka wanaozitia rangi ya chai waandike "nakala" upande wa mbele, mnunuzi aione kabla ya kuuliza bei.