Mnotauri, minotauri au maminotauri?

SWALI: Tuko sita hapa Kirumba, Mwanza, na tunacheza mchezo wa kuigiza wahusika mezani, ule wa dadu na karatasi. Sasa karatasi zote tunaziandika kwa Kiswahili. Mwenzetu mmoja amechagua mhusika minotauri wa kike, yaani kiumbe mwenye mwili wa mtu na kichwa cha fahali, akaandika "mnotauri jike". Mwingine anasema wingi ni "maminotauri". Msimamizi wa mchezo anataka "fahali-mtu". Na juu kabisa ya karatasi tumeandika "Kabila: minotauri". Lipi sahihi?

JIBU: Aliyeandika "mnotauri" anastahili kueleweka kabla ya kusahihishwa. Sikio lake limesikia mi- mwanzoni, likadhani ni wingi kama wa miti na mikono, likautafutia umoja. Kiswahili kimeshafanya hivyo mara nyingi: kitabu kimetoka Kiarabu na ki- yake ilikuwa sehemu ya shina, lakini leo tuna vitabu, kipilefti nacho kikapata vipilefti. Ila maneno hayo yamepitia vinywa vya watu wengi mno hata yakatulia. Hili lenu bado geni, na asili yake ingali inaonekana wazi. Kwa Kigiriki Minotauros ni fahali wa Minos, mfalme wa Krete. Mi- ni mwanzo wa jina la mfalme huyo.

Tena "mnotauri" huzaa kosa la pili. Mtu akishaamini kwamba umoja una m- na wingi una mi-, muda si mrefu ataandika "minotauri imeanguka", kana kwamba ni mikoko.

Andikeni basi minotauri, umoja na wingi, kama nyati na dinosauri. Silabi ni tano, mi-no-ta-u-ri, na mkazo uko kwenye u. Idadi itaonekana katika upatanisho: minotauri huyu ameanguka, minotauri hawa wameanguka, minotauri mkubwa, minotauri wawili wakubwa. Umiliki ni minotauri wangu, kama ng'ombe wangu, si "minotauri yangu". Herufi kubwa ibakie kwa yule wa kisasili cha Wagiriki, maana alikuwa mmoja tu: mwana wa malkia Pasiphae na fahali, aliyefungiwa katika jengo la vichochoro lililobuniwa na fundi Daedalus na kuuawa na shujaa Theseus. Wa mchezoni ni aina nzima ya viumbe, kwa hiyo m ndogo.

"Maminotauri" nayo ina hoja. Tuna madaktari, makarani, majini. Lakini angalieni mnachokipatanisha nayo. Methali husema zimwi likujualo halikuli likakwisha: zimwi ni li-, si a-. Kiswahili kikitaka kumtoa kiumbe katika utu na kumfanya dude la kuogopwa, humtia kwenye li- na ya-: jitu lile, majoka yale. Mchezo wenu una minotauri wa namna mbili, adui anayevizia gizani na mhusika wa mwenzenu aliyeketi mezani. Msimamizi anaposimulia adui ana haki ya kusema "minotauri lile linakuja", na litishe kweli. Mhusika wa mchezaji ni yule, naye anakuja. Ana jina, anasema, anachagua. Mkimwita lile mnampokonya yote hayo. Wengi wakisema maminotauri wamefika, sitawakatalia. Maminotauri yamefika, basi kimbieni.

Kwa sababu hiyohiyo, futeni "jike". Jike ni la mbuzi na kuku. Mhusika ni minotauri wa kike.

"Fahali-mtu" inaeleza vizuri umbo, na mara ya kwanza inafaa kumfafanulia mgeni. Kama jina la kudumu itawakwamisha leo hii, kwa kuwa fahali ni dume, na mwenzenu atalazimika kuandika "fahali-mtu wa kike".

Hamkuuliza kuhusu pembe, ila kanuni zake ndizo huharibika sana katika tafsiri. Katika toleo la 2022 la minotauri wa mchezo wa aina hii uitwao Dungeons & Dragons kuna matendo mawili, na kila moja litafutiwe kitenzi chake. La kwanza: mhusika akitumia tendo lake kukimbia, akasogea angalau futi 20, anaweza kumpiga adui pembe kama tendo la ziada, madhara ni dadu ya pande 6 pamoja na nyongeza ya nguvu zake. La pili: akishampiga adui wa karibu kwa shambulio la kawaida, anaweza kumsukuma kwa pembe hadi futi 10, endapo adui hamzidi zaidi ya daraja moja la ukubwa na ameshindwa kuhimili. Hili la pili halina madhara yake. Mkiandika "kupiga pembe" kote kuwili, mtu atarusha dadu ya madhara mara mbili. Na iwe "anampiga adui pembe". "Anapiga pembe za adui" ni kupiga pembe zenyewe.

Minotauri huyo pia hujua daima kaskazini iko wapi. Kisukuma huita upande huo sukuma, ndipo Wasukuma wakapata jina; wachezaji wa Mwanza hawatakosa kuliona hilo wakiandika "kumsukuma" mstari wa pili tu.

Imebaki "Kabila". Kabila ni Wakerewe, Wazinza, Wajita: watu wa aina moja wanaotofautiana kwa lugha na mila. Minotauri na binadamu wametofautiana mwili. Andikeni Spishi, neno la darasa la baiolojia. Mchezo wenyewe ulihamia neno la maana hiyo katika kanuni za 2024. Mstari wa Kabila uacheni chini yake, kwa sababu minotauri wa pwani na wa milimani wanaweza kuwa makabila mawili.