Kabla ya fomula, lisimulie swali kwa Kiswahili

Baada ya magharibi, baraza yetu hapa Ngamiani, Tanga, hugeuka darasa. Mtoto wa dada yangu yuko kidato cha pili. Huja na wenzake wawili watatu, madaftari mikononi, na swali lake ni lile lile kila siku: "Mama mdogo, hapa natumia fomula gani?"

Huwa simjibu. Namwambia afunge daftari, anisimulie swali kwa Kiswahili: nani anakwenda wapi, kabeba nini, kachukua muda gani. Mara nyingi hapo ndipo inapobainika kwamba fizikia haijamshinda, bali swali hajalielewa. Wengi wao wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wakafika sekondari karibu kila kitu kikageuka Kiingereza. Mtoto akiona namba mbili anazigawanya tu, basi.

Nayajua maumivu hayo. Nilipokuwa kidato cha pili nilikesha nikikariri fomula. Mtihani ukauliza uzito wa mzigo wenye tungamo la kilo 50, nami nikaandika kilo 50. Nikapata sifuri, na ikapita miaka kabla mtu hajanieleza kosa lilikuwa wapi. Kosa lilikuwa kwenye neno. Ukienda soko la samaki pale Deep Sea, unasema "nipimie kilo mbili", na sote tunaita huo uzito. Kwenye fizikia, kilo ni kipimo cha tungamo, yaani wingi wa kitu chenyewe. Uzito ni kani, jinsi dunia inavyokivuta kitu hicho, nao hupimwa kwa niutoni. Mzigo wangu ulikuwa na uzito wa niutoni 500, ukichukua mvutano wa dunia kuwa niutoni 10 kwa kila kilo kama shule nyingi zinavyofanya. Ungeupeleka mwezini, kilo zingebaki 50 zile zile, ila uzito ungeshuka hadi karibu sehemu moja ya sita.

Neno "kazi" nalo ni mtego mkubwa. Kwenye fizikia, kazi ni kani mara umbali ambao kitu kimesogea kuelekea upande wa kani hiyo, nayo hupimwa kwa juli. Juzi tulibishana sana juu ya ndoo ya maji ya lita 20. Lita 20 za maji ni kilo 20, kwa hiyo uzito wake ni niutoni 200, ndoo yenyewe tukiiacha. Ukiinyanyua kutoka chini hadi kichwani, tuseme mita 1.5, umefanya kazi ya juli 300. Hapo hakuna aliyebisha. Ubishi ulianza niliposema kwamba ukitembea nayo njia tambarare, kwa mwendo usiobadilika, kazi unayoifanyia ndoo ni sifuri. "Mama mdogo, na shingo inavyouma?" Nikamwambia asimame aioneshe kwa mikono: unaisukuma ndoo kuelekea wapi? Juu. Inakwenda wapi? Mbele. Kani inaelekea juu, mwendo unaelekea mbele, vimekatana kwa pembe mraba, kwa hiyo hakuna kazi. Misuli inachoka kweli, tena inatumia nishati, lakini nishati hiyo haiingii kwenye ndoo. Alipoichora kwa mishale miwili akanyamaza, akaanza kutabasamu.

Kwa hiyo chora. Hata mstari na mshale vinatosha.

Kisha vipimo, kabla hujagusa hesabu. Tuchukulie mtu kaendesha baiskeli kilomita 3 kutoka Ngamiani hadi Raskazone kwa dakika 12. Mmoja wao aligawanya 3 kwa 12, akaandika mita 0.25 kwa sekunde. Nikamuuliza, mtu wa miguu anakwendaje? Kwa kawaida ni zaidi kidogo ya mita moja kwa sekunde. Sasa baiskeli ipitwe na bibi anayetoka sokoni? Akarudi mwenyewe: mita 3,000, sekunde 720, jibu karibu mita 4.2 kwa sekunde. Mfundishe mtoto kulitilia shaka jibu lake namna hiyo; ni afadhali kuliko kumpa majibu kumi.

Na saa pia. Basi likiondoka Tanga saa 12:30 asubuhi na kufika Korogwe saa 2:15, ni saa moja na dakika 45. Vitabu vya Kiingereza vitaandika 6:30 na 8:15, muda ni ule ule. Tabu ni mtoto anapochanganya, kuondoka kwa saa yetu, kufika kwa saa yao.

Wazazi wengi huniambia, "Mimi sikusoma, nitamsaidiaje?" Keti naye. Mwambie akueleze swali kwa Kiswahili mpaka wewe ulielewe. Muulize huyo mwenye baiskeli anatoka wapi, amebeba nini, mbona anakwenda polepole hivyo. Mama yangu hakufika darasa la tano, na jioni ya ile ndoo ndiye aliyeuliza kwanza: "Kwani unaisukuma wapi?"