Kasi pekee haimfikishi kijana Shujaa

Ndugu uliyeuliza kama mdogo wako wa miaka 18, anayekimbia mita 100 kwa sekunde 11, anaweza kuingia Shujaa, timu ya Kenya ya raga ya wachezaji saba: ana mtaji mzuri, ila wenye mbio ni wengi. Wanaokatwa kwenye majaribio hukatwa kwa yale yanayofuata baada ya mbio.

Mechi ni dakika 14 tu, saba kila kipindi, lakini uwanja ni uleule wa watu 15, na kwa siku timu hucheza mechi mbili au tatu. Kwa hiyo asijichoshe na kilomita kumi za barabarani, zitamwondolea mchomoko. Akimbie mita 40 kwa nguvu zote, alale kifudifudi, ainuke, arudi mbio. Apumzike sekunde 30, arudie mara sita. Seti tatu, mara mbili kwa wiki zinatosha.

Kukaba ndiko kunakoharibu wengi. Kichwa kikae nyuma ya makalio ya mpinzani, kamwe kisipite mbele ya magoti yake. Bega ligonge paja, mikono ifunge, miguu iendelee kusukuma. Kichwa kikitangulia mbele, goti litakipata, na mtikiso wa ubongo si wa kuvumilia kiume: atoke uwanjani palepale, asirudi siku hiyo. Akikaba juu ya mabega anaweza kupewa kadi ya njano, dakika mbili nje. Wenzake sita hawawezi kuufunika upana wa mita 70.

Halafu mpira wa kuanzisha. Katika raga ya saba, timu iliyofunga ndiyo inayopiga, hivyo mwenye kuudaka juu angani anaweza kufunga tena kabla wapinzani hawajaugusa. Afanye madaka 50 kila mazoezi, goti moja likiwa limeinuliwa kumkinga. Makocha humpenda sana mtu wa namna hiyo.

Ajiunge na klabu inayocheza mzunguko wa kitaifa, wenye mashindano kama Driftwood kule Mombasa, Prinsloo Nakuru, Dala Kisumu, Christie Nairobi. Wachaguzi huwaona vijana huko.

Amtazame Collins Injera, aliyekuwa mchezaji wa Shujaa. Alianza kuichezea Kenya 2006, akaja kuivuka rekodi ya trai 230 (trai ni bao la kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli) katika msururu wa dunia wa raga ya saba, ya Santiago Gómez Cora wa Argentina jijini London Mei 2016, mwezi mmoja baada ya Kenya kuichapa Fiji 30-7 kwenye fainali ya Singapore. Alimaliza na trai 279. Miaka kumi kuivuka rekodi ile! Mwili usiotunzwa haufiki huko.

Jambo moja husahaulika: dawa za mafua. Baadhi zina pseudoefedrini, kiungo cha kuzibua pua, ambayo ikizidi kiwango kwenye mkojo siku ya mashindano ni kosa la dawa zilizokatazwa, hata kama aliinunua duka la dawa kihalali. Asome maandishi ya boksi, amuulize daktari wa timu kabla ya kumeza.