Maswali ya Wasomaji: Twiga Yuko Ng'ambo ya Rufiji

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Masasi. Mimi na mwenzangu tumeazimia kuwapeleka watoto wetu watatu kuwaona wanyama wa porini, maana mpaka sasa wanawajua kwa picha za vitabuni tu, ukiacha tumbili na nguruwe pori wanaotumalizia mihogo. Fedha tutazipata baada ya minada ya korosho, kwa hiyo tulipanga kwenda Serengeti wakati wa Krismasi. Shemeji yangu anasema ni kujisumbua bure, ilhali Hifadhi ya Nyerere iko huku kwetu. Gari hatuna, na mtoto wa mwisho, mwenye miaka minne, anamtaka twiga tu. Tushike lipi? — Mwalimu, Masasi.

JIBU: Mwalimu, kuhusu mahali shemeji yako amenena, lakini katika barua yako yote sijaona mtu aliyeuliza habari ya majira, nayo ndiyo itakayoamua kama watoto watawaona wanyama au wataona nyasi.

Huku Kusini mvua huanza Novemba au Desemba na kuendelea mpaka Aprili, pengine Mei. Katika miezi hiyo maji yapo katika kila bonde, hivyo mnyama hana sababu ya kusogea mtoni, na nyasi hurefuka kiasi kwamba simba aweza kulala hatua kumi kutoka barabarani na gari likampita. Kuanzia Juni hadi Oktoba mambo hugeuka: vidimbwi vya ndani hukauka, miti mingi hupukutisha majani, na wanyama hulazimika kukusanyika kwenye Mto Rufiji na maziwa yaliyo kando yake, kama vile Manze na Tagalala. Isitoshe, mvua zikishakolea njia za hifadhini hazipitiki, na kambi nyingi hufungwa Aprili na Mei. Hata barabara kuu yetu si ya kuaminiwa sana wakati huo; bila shaka unakumbuka Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata pale Somanga.

Kwa hiyo fedha za korosho zipokeeni Desemba, safari iwe likizo ya Juni. Najua kwamba kutunza fedha za korosho miezi sita ni mtihani mgumu kuliko ule wa darasa la saba. Dawa ninayoifahamu ni kulipia malazi na gari mapema, kwa stakabadhi, kwa sababu fedha iliyokwisha kulipwa haiwezi kuazimwa na ndugu.

Serengeti siibezi hata kidogo. Lakini kutoka Masasi ni zaidi ya kilomita 1,000, na kwa basi mtamaliza siku mbili au tatu kabla ya kumwona mnyama wa kwanza, kisha mrudi kwa njia hiyohiyo na watoto waliochoka. Hifadhi ya Taifa ya Nyerere ilimegwa mwaka 2019 kutoka katika Pori la Akiba la Selous, ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 30,000, yaani zaidi ya mara mbili ya Serengeti, na sehemu yake moja imo katika mkoa wetu jirani wa Lindi, upande wa Liwale. Hata hivyo msishawishike kuingilia Liwale kwa sababu ya ukaribu tu. Njia za utalii, boti na malazi ya kuchagua viko zaidi kaskazini, na kuna jambo ambalo mdogo wenu lazima alijue: twiga wa hifadhi hiyo wanapatikana kaskazini ya Mto Rufiji. Kusini ya mto mtazunguka mchana kutwa bila kumwona hata mmoja.

Pandeni basi la Dar es Salaam, mvuke Daraja la Mkapa, mshuke Kibiti, halafu mchukue gari la kwenda Mloka, kijiji kilicho karibu na lango la Mtemere. Malazi ya nje ya lango huwa nafuu kuliko ya ndani, na gari la paa la kufunguka mnaweza kulikodi kwa siku, ili mradi mmepatana mapema. Tafuteni familia nyingine mchangie. Gari ndilo linalokula fedha, si kiingilio. Kiingilio cha raia hutozwa kwa shilingi, kwa hiyo bebeni vitambulisho, na mtoto wa chini ya miaka mitano haingii kwenye hesabu. Malipo hufanywa kwa namba ya malipo au kadi, hivyo msifike langoni na burungutu la noti. Kibali huhesabiwa kwa saa, ndiyo maana mtu mwenye hesabu hapotezi asubuhi yake nje ya lango. Laleni usiku mbili, na siku moja iwe ya boti, kwa sababu viboko na mamba huonekana vizuri zaidi kutoka majini, tena watoto hupumzika mtikisiko wa barabara.

Nguo ziwe za rangi ya udongo au majani makavu. Bluu na nyeusi huwavutia mbung'o, na anayebisha atajua akishaumwa. Zenye mabaka ya kijeshi msizivae kabisa. Kwa raia ni kosa kisheria.

SWALI: Agosti iliyopita nilikwenda Hifadhi ya Nyerere na wafanyabiashara wenzangu watano. Tuliingia saa nne asubuhi baada ya chai, tukazunguka hadi saa tisa, tukaona swala pala, pundamilia na ngiri basi. Jioni tukakuta watu wa gari jingine wakionyeshana picha za simba na mbwa mwitu wa siku hiyohiyo. Je, ni bahati, au dereva wetu alitupunja? — Mfanyabiashara, Lindi Mjini.

JIBU: Ndugu yangu, kabla ya kumhukumu dereva, iangalie hiyo chai. Simba aweza kulala hata saa 20 katika siku moja, na kati ya saa nne na saa tisa ndipo anapolala hasa, kivulini, akiwa na rangi ileile ya nyasi. Mbwa mwitu nao, ambao kwa wingi wao hifadhi hii ni miongoni mwa zinazosifika Afrika nzima, huwinda alfajiri na jioni, kisha hujitupa chini ya kichaka wakawa kama rundo la majani yenye mabaka. Ninyi mliingia sokoni wakati wenye maduka wamekwisha kufunga. Wale wenzenu, nadhani, walikuwa langoni saa kumi na mbili asubuhi.

Kosa la pili ni kuwapita swala pala kwa sababu ni wengi. Hao ndio wasomaji wazuri wa pori. Mwaka fulani nilikaa ndani ya gari chini ya mkwaju, karibu na Ziwa Manze, mbele yetu wakiwa swala kama thelathini. Ghafla wote wakaacha kula, wakageuza vichwa upande mmoja, na dume mmoja akakoroma kwa puani. Dereva alitaka kuwasha gari tuendelee. Askari wa hifadhi tuliyekuwa naye akamgusa bega. Tukangoja dakika arobaini, jasho likitutiririka, mmoja wetu akinung'unika kwamba tumekuja kutazama nyasi. Kisha katika nyasi tulizokwisha kuzikagua mara tatu kwa darubini likanyanyuka sikio moja, la pili, halafu simba jike mzima.

Jifunzeni pia kutazama juu. Tumbusi wanaozunguka angani pengine wanapunga upepo tu, lakini wakikaa mitini wakitazama chini bila kushuka, ujue mwenye nyama bado yupo. Nyani wakibweka juu ya mti mmoja, tafuteni chui. Barabarani, kabla ya magari mengine kuvuruga mchanga, muulize dereva akuonyeshe nyayo: simba huficha kucha anapotembea, kwa hiyo nyayo yake haina alama za kucha, ilhali ya fisi na ya mbwa mwitu inazo.

Palipo na tembo, msiwe na haraka. Katika miaka ya 1970 Selous na maeneo yake yalikuwa na tembo zaidi ya 100,000. Kufikia 2013, kwa sababu ya ujangili, walihesabiwa kama 13,000 tu. Waliookoka na watoto wao hawana sababu ya kutupenda. Tembo akitandaza masikio na kukukabili, picha yako inatosha. Mwambie dereva arudi nyuma polepole.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Mtwara. Fedha ya hifadhi kubwa sina. Kuna cha kuona karibu? — Mwanachuo, Mtwara.

JIBU: Kipo, mwanangu. Nenda Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Kati ya Agosti na Oktoba nyangumi wenye nundu hupita pwani yetu na watoto wao, na pomboo wapo pia. Changieni boti ya wavuvi wanaoijua bahari hiyo, mkaondoke asubuhi kabla ya upepo.

Ukipata nauli ya Lindi, panda Rondo. Katika msitu wa kule yupo komba mdogo mwenye uzito usiofika gramu 100, anayeitwa kwa jina la mahali hapo, na ambaye duniani anapatikana katika misitu michache tu ya pwani ya Tanzania. Omba kibali ofisi ya misitu, tafuta mwenyeji wa kukuongoza, uingie giza likishakuwa la kweli. Inua tochi usawa wa macho yako, uipitishe polepole kwenye matawi: ukiona nukta mbili zinazong'aa zikiruka, halafu mkia kama brashi ya kuoshea chupa, ndiye.