Homoni ya mimea kwa nyanya, maji kidogo Mambrui

Dadangu, umeuliza kama hiyo jibereliki, homoni ya kukuza mimea uliyouziwa agroveti (duka la dawa za kilimo), itaokoa nyanya zako hapo Mambrui na kisima kinakauka. Kwa ukame mie nakukataza kabisa, kazi yake hiyo ni kurefusha shina na mmea mrefu wenye majani mengi unakunywa maji zaidi, utazidi kuteseka. Ya kujaribu ni asidi ya salisiliki, homoni nyengine ya mimea, inausaidia mmea kustahimili kiu lakini kidogo tu, kama gramu 1.4 kwa pampu ya kupulizia dawa ya lita 20, na haiyeyuki vizuri kwa maji baridi kwa hivyo ianzishe na spiriti kidogo ndio umimine kwa pampu, ukizidisha majani yanaungua. Piga jioni jua likipoa, tena upige mapema, majani yakishakuwa yanajikunja saa nne asubuhi ujue umechelewa. Anza na mstari mmoja, mwengine uwache hivyo hivyo ulinganishe. Na tafadhali sana tandaza nyasi kavu shinani, huo mchanga wenu unapitisha maji haraka mno, dawa peke yake haitatosha.