Barua kwa Mwanangu: Yule Mtu wa "Jingle Bells"

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Mama yako anakusalimu sana. Goti bado linamsumbua, lakini jana kaenda sokoni mwenyewe, hakutaka kusindikizwa.

Swali lako nimelala nalo wiki nzima. Umesema mjukuu wangu karudi na karatasi ya nyimbo za sherehe ya Desemba, "Jingle Bells" ikiwa ya kwanza; nawe ulipopita mjini Medford, huko Marekani, ukaona kibao cha mtunzi wake, ukaenda kusoma habari zake hadi ukachukia. Ukaniuliza: "Baba, ulipotufundisha wimbo huu kwenye kwaya ya watoto, ulijua?"

Sikujua. Nilijua noti zake tu. Tulikuwa Moshi, theluji tunaiona kule juu Kibo mawingu yakipenda, nanyi mnaimba "jingo beli" hadi mishipa ya shingo inawatoka, bila hata mmoja kuuliza maana yake. Nami sikuwa nimejiuliza. Wala sikuwa nimegundua kwamba Krismasi haitajwi humo hata mara moja. Ni kijana amempakia msichana kwenye sleji, gari la kuteleza juu ya theluji lisilo na magurudumu, farasi mwenyewe amekonda, mwisho wanapinduka kwenye theluji. Kanzu ya kanisani tuliuvisha sisi. Na zile kengele si pambo: sleji ikiteleza haisikiki, kwa hiyo farasi alivishwa kengele ili wapita njia wakae pembeni.

Sasa huyo James Lord Pierpont. Alizaliwa Boston mwaka 1822. Baba yake, John, alikuwa mchungaji na mshairi, mtu aliyepinga utumwa na ulevi waziwazi mimbarani, hadi waumini wake wenye biashara ya pombe wakagombana naye. Mtoto hakutulia nyumbani. Akiwa na miaka 14 alitoroka, akapanda meli ya wavua nyangumi. Mwaka 1849 waliposikia dhahabu imepatikana California, naye akaondoka, akamwacha mkewe na watoto. Akafungua biashara ya kupiga picha San Francisco, ikateketea kwa moto. Baadaye akamfuata kaka yake, aliyekuwa mchungaji Savannah, Georgia, akawa anapiga kinanda kanisani kwake. Mkewe akafariki 1856. Mwaka uliofuata alioa tena hukohuko Kusini, na watoto wa yule marehemu wakabaki kwa babu yao.

Hapo ndipo mimi niliposimama kusoma, nikavua miwani. Wewe umekwama kwenye jeshi aliloingia baadaye, mimi nimekwama kwa wale watoto.

Wimbo ulichapishwa Boston Septemba 1857, jina lake la kwanza likiwa "The One Horse Open Sleigh". Medford na Savannah zinagombania ulitungwa wapi, kila mji na kibao chake, waache wagombane. Lililokuuma ni la kweli: uliimbwa kwanza katika ukumbi wa Ordway, Boston, kwenye maonyesho ya Wazungu waliojipaka masizi usoni ili kuwadhihaki watu weusi. Na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokuja mwaka 1861, James aliingia upande wa majimbo yaliyojitenga kulinda utumwa, akawa karani wa kikosi cha farasi, akawatungia nyimbo za vita, mmojawapo "We Conquer or Die". Wakati huohuo baba yake, mzee wa miaka 76, alikwenda na jeshi la Kaskazini kuwa mchungaji wa askari. Mtu na mwanawe, hebu fikiria.

Hela hakuona. Mpwa wake ndiye J. P. Morgan, yule tajiri wa mabenki. Mjomba akazeeka akifundisha muziki katika mji mdogo wa Quitman, akafia Florida mwaka 1893.

Umeniuliza kama umzuie mtoto. Mimi nisingemzuia. Ana miaka sita, anachokiimba ni farasi na kengele. Lakini akifika umri wa kuuliza nani alitunga, usimfiche hata kidogo, mwambie na habari ya masizi. Wewe nilikunyima hilo kwa kutojua. Yeye hana sababu ya kunyimwa. Na ukiona bado roho haikupi, mwambie mwalimu wake waziwazi kwamba mtoto ataimba nyingine. Hapo sitakupinga.

Yupo jirani anakuja huko mwezi ujao, nimempa mzigo. Unakumbuka njuga zetu za kwaya, vizibo vya soda tulivyotoboa kwa msumari na kutunga kwenye waya? Nimemtengenezea mjukuu wangu moja, vizibo 20, kingo nimezipigapiga kwa nyundo zisimkate. Imo ndani ya kopo la kahawa. Ifiche usiku, la sivyo hamtalala.

Baba yako