Usitie kitu override kwa mkono (kwa ndugu wa Malindi anayeongeza nguvu za akili)

Simama hapo hapo ulipofika. Umeuliza mambo matatu: namna ya kumpa mhusika wa gemu ya kompyuta Baldur's Gate II akiba ya nguvu za akili inayopungua kila anaposoma mawazo au kusogeza vitu bila kuvigusa, wapi utapata vijipicha vya vitufe, na kama uanze na toleo la mwaka 2000 au lile lililoboreshwa, Enhanced Edition. Lakini katikati ukapitisha neno kwamba nguvu kumi na mbili tayari unazo, umezitia moja kwa moja kwenye folda ya override, ambayo gemu huisoma kabla ya faili zake za asili, na maneno yake umeyaandika ndani ya dialog.tlk, faili inayobeba maneno yote ya gemu, kwa programu ya kuhariri iitwayo Near Infinity. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Mimi nilikuwa nazo thelathini na moja.

Miezi tisa, hapa Langoni, Lamu, kila usiku baada ya kufunga duka, na stima ikikatika nasubiri. Kila nguvu niliipa faili yake ya SPL, ile inayoiambia gemu nguvu hiyo inafanya nini. Jina na maelezo nikiyaongeza mwishoni mwa dialog.tlk, napata namba, naiandika kwenye daftari la shule: kushoto jina, kulia namba, na kalamu nyekundu kwa zile zilizokwisha kujaribiwa. Daftari ninalo mpaka leo. Nisichoambiwa ni kwamba faili ya SPL haibebi jina wala maelezo. Inabeba ile namba tu. Gemu inaichukua namba, inakwenda kwenye dialog.tlk na kusoma chochote kilichokaa hapo. Kwangu palikaa "Kusoma Mawazo". Kwa mwingine, mwenye modi (nyongeza za gemu zilizotengenezwa na wachezaji) zilizotangulia kuongeza maneno yao mwishoni mwa faili ile ile, hapo pamekaa kitu kingine kabisa.

Nikampa binamu yangu wa Shela kila kitu kwa flashi. Usiku akapiga simu: "Hebu niambie, hii Kusoma Mawazo yako mbona yaniuliza kama nataka kununua upanga?" Nikacheka. Nilidhani ni moja tu. Asubuhi nikaenda kwa miguu kupitia ufukweni, bamvua, maji yamenifika magotini na laptopu nimeibeba kichwani ndani ya mfuko wa plastiki. Tukakaa sakafuni tukazifungua moja moja. Hakuna hata moja iliyokuwa na jina lake. Moja ilikuwa nusu ya barua ya mapenzi. Nyingine tupu kabisa.

Hapo ndipo nikafanya kosa lililonigharimu zaidi. Nikachukua dialog.tlk yangu nikaiweka juu ya yake. Nguvu zangu zikapata majina, naam, na modi zake zote zikapoteza ya kwao. Watu wa ndani ya gemu yake wakawa wanaongea maneno ya watu wengine, na nakala ya zamani hatukuiweka. Gemu aliyoicheza tangu Ramadhani ikaharibika mikononi mwangu, yeye ameketi ananitazama.

Nikarudi nyumbani nikitaka angalau kunusuru ya kwangu. Nikatoa modi moja ya zamani kwa WeiDU, programu ya kuweka na kutoa modi, ili nisafishe. WeiDU, kabla ya kugusa faili, huweka nakala yake, na modi ikitolewa huirudisha nakala hiyo. Kazi yake ndiyo hiyo na inaifanya vizuri. Lakini nakala ya KITLIST.2DA, orodha ya aina za wahusika, iliyokuwa nayo ilikuwa ya kabla sijaandika mstari wangu. Mstari ukafutika. WeiDU haijui ulichofanya kwa mkono, haiwezi kukulindia. Nilipofungua sevu yangu, aina ya mhusika niliyoibuni haikuwapo tena kwenye orodha.

Na aliyenifundisha njia hii! Aliandika somo refu lenye picha, "weka override, gemu itasoma yenyewe." Kweli itasoma. Nilimwandikia mara tatu, mwishowe akajibu kwamba somo lile lilikuwa la kujaribia tu. Basi neno hilo angeliandika juu kabisa, kabla ya picha ya kwanza. Watu wanatoa usiku wao kwa kumwamini. Wala asije mtu hapa kuniambia ningesoma zaidi, nilisoma nilichopewa.

Kwa hiyo: kila kitu kipite kwenye WeiDU. Unaandika faili ya tp2, yenye maagizo ya kuiweka modi yako. SPL zako zinakaa kwenye folda ya modi yako, si override. Maneno yanakaa kwenye faili ya tra, hivi:

@1 = ~Kusoma Mawazo~

Kwenye tp2 unaandika SAY NAME1 @1, na SAY UNIDENTIFIED_DESC kwa maelezo. Kwenye kila kompyuta WeiDU itayatia maneno kwenye dialog.tlk ya hapo, ipate namba ya hapo, iiandike yenyewe ndani ya faili. Mstari wa KITLIST nao uongezwe na WeiDU. Kiswahili chetu hakina herufi za ajabu, hutasumbuka nazo. Majina ya faili yasizidi herufi nane, na uyaanzishie alama yako mwenyewe yasigongane na ya wengine.

Kuhusu akiba: kitabu cha AD&D (mchezo wa mezani ambao gemu hii inafuata kanuni zake) cha 1991, The Complete Psionics Handbook, kinahesabu pointi, lakini injini ya gemu hii haina hesabu hiyo. Ina idadi ya matumizi kwa siku. Zigawe nguvu kama vipaji vya mhusika kupitia faili ya CLAB, jedwali la vipaji anavyopata mhusika, ngazi kwa ngazi, kwa kuandika GA_ (alama ya kumpa kipaji) na jina la faili. Na kama unataka zipenye kinga ya uchawi, kila athari ndani ya SPL ina sehemu yake ya kinga. Nguvu yenye athari tatu ibadilishe zote tatu. Vijipicha na toleo tutayazungumza baadaye.

Leo usiku, kabla hujaongeza ya kumi na tatu, nakili folda nzima ya gemu kwenye diski nyingine. Kisha zihamishe zile kumi na mbili. Kumi na mbili ni kazi ya jioni mbili, thelathini na moja zilinichukua mwezi. Tp2 ya kwanza iweke hapa hata ikiwa mbovu, nitaisoma kesho nikifungua duka.